Kabla Hujaiacha Barabara Kuu Pale Marabo

Ukitoka Bunia kwa baiskeli kuelekea Komanda, utakula vumbi la malori kwa kilomita 40 hivi kabla hujafika Marabo. Barabara hiyo, RN27, ni barabara ya kazi. Inapitisha saruji, bia, mbao, mchele, abiria waliokaa juu ya magunia, na vijana wa pikipiki wanaokimbia kana kwamba wanafukuzwa. Mwendesha baiskeli humo kazi yake ni kukwepa tu. Raha inaanza pale unapokata kona na kuingia katika vijia vinavyopanda na kushuka kati ya mashamba ya mihogo, mabonde ya vijito na miti inayozidi kushonana kadiri unavyosogea upande wa Komanda. Huko honi husikii. Unasikia cheni yako, na kama haijapakwa mafuta utaichukia kabla ya saa sita mchana.

Ninaandika kwa ajili ya yule anayetaka kwenda na baiskeli yake siku moja au mbili katika njia za namna hiyo, awe anazuru jamaa, anafuata soko la kijiji, au anataka tu kuijua nchi yake. Mbio si shughuli yetu hapa. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara letu, na tulifurahi sote. Lakini Tadej Pogačar, aliyeshinda upande wa wanaume, hakuwa amefunga gunia la muhogo nyuma, wala hakuna askari aliyemsimamisha kumwuliza anatoka wapi.

Sisi tuna walimu wengine, nao ni kumba-kumba. Wakati barabara za Mkoa wa Mashariki zilipokufa na malori yakatoweka, hasa katika miaka ya 1990 na ya vita iliyofuata, hao ndio waliobeba mafuta ya mawese, chumvi, sabuni na nguo kupita msituni, mamia ya kilomita, kwa baiskeli walizokuwa wakizisukuma zaidi ya kuzipanda. Mzigo wa kilo 100 na zaidi ulikuwa wa kawaida. Walifunga mti kwenye usukani ili waongoze baiskeli wakiwa wima ubavuni, na mti mwingine nyuma ya kiti wa kuisukumia. Wavietnam walifanya vivyo hivyo mwaka 1954, walipopeleka chakula na risasi Dien Bien Phu kwa baiskeli zilizobeba kilo 200 hata kupita. Hao na kumba-kumba hawakukutana, ila kilima na tope viliwafundisha somo moja. Basi ukiona aibu kushuka na kusukuma, iache aibu hiyo Bunia. Katika vilima vya Irumu kusukuma ni sehemu ya safari, na anayeipanga safari yake bila kuhesabu kusukuma atalala njiani.

Lakini kabla ya baiskeli kuna amani. Nyakunde, jirani kabisa wa Marabo, ilishambuliwa Septemba 2002, watu wakauawa kwa wingi na hospitali yake ikaporwa. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri imewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na bado vikundi vyenye silaha vimeendelea kuhamahama katika Irumu na kando ya barabara ya Komanda. Kwa hiyo usitegemee makala, wala ramani ya simu, wala rafiki aliyepita mwezi uliopita, kukuambia njia fulani ni salama. Njia ya salama hutangazwa asubuhi ileile, na wanaoitangaza ni wale wanaoitumia.

Waulize watu wa aina tatu, na uwaulize mmoja mmoja. Wa kwanza ni akina mama wa soko, kwa sababu wao hawaendi mahali kwa ujasiri, wanaenda kwa hesabu. Wa pili ni vijana wa pikipiki wanaotoka huko, si wanaokwenda huko. Anayekwenda anataka abiria. Wa tatu ni muuguzi wa kituo cha afya, maana anajua nani kaletwa usiku na ana kidonda cha namna gani. Majibu yao yakigongana, siku hiyo kaa. Na ukiwa njiani tayari, angalia nani unapishana naye. Maadamu unakutana na wanawake wamebeba vikapu na watoto wanatoka kuteka maji, endelea. Ukipita nusu saa mchana kweupe, katikati ya mashamba yaliyolimwa, bila kumwona mwanamke hata mmoja, geuza baiskeli. Usingoje sababu nyingine.

Mambo ya bariere ni mepesi kwa anayeyajua. Shuka kwenye baiskeli mbali kidogo, usifike umepanda. Vua kofia na miwani ya jua, salimia kwanza, mikono ionekane, kadi yako ya mchaguzi iwe karibu na si chini ya mzigo. Sema unakokwenda kweli na jina la mtu unayemfuata. Usivae kitu chochote chenye rangi au madoa ya jeshi, hata mfuko wa mgongoni, hata buti ulizonunua mtumba kwa nia safi. Usipige picha ya daraja, ya askari wala ya shimo la dhahabu. Vijia vinavyoelekea machimboni viache kabisa, hata kama ni vizuri na vimefagiwa na miguu ya watu. Huko mgeni mwenye baiskeli na simu ana maswali mengi ya kujibu. Na usikubali kubeba bahasha au kifurushi cha mtu usiyemjua, hata akikuita mwanangu.

Ukifika kijiji cha kulala au cha kupumzika muda mrefu, nenda kwa shefu kabla ya kwenda kwa rafiki. Maneno yanatosha haya: "Shikamoo mzee, natoka Bunia, nazuru tu, kesho nitarudi kupitia Marabo." Kama hapana ndugu, omba parokia, au mchungaji wa CECA 20 au wa Waanglikana, makanisa haya yana watu hata vijiji vidogo. Usilale msituni kwa kutaka kuonja upweke. Mtu akimkuta mgeni amelala msituni hatafikiri anastarehe. Halafu kuna swali moja la kuliacha nyumbani: usiulize kijiji fulani ni cha kabila gani. Utajua bila kuuliza, na kuuliza kutakuhesabia upande.

Sasa baiskeli yenyewe. Mjini utaonyeshwa baiskeli za gia, zenye springi mbele na rangi za kuwaka, na muuzaji atakuambia ndizo za milima. Mimi sizipendi kwa safari hii. Kile kifaa chembamba cha nyuma kinachohamisha cheni kinajaa tope siku ya kwanza na kupinda siku ya pili, na fundi wa kijijini hana cha kukubadilishia. Phoenix au Hero, ile nyeusi ya chuma yenye ringi za inchi 28, ni nzito na inanuna kwenye mlima, lakini spoku zake, gololi zake na tyubu zake utazipata katika soko lolote ambako baiskeli zinabeba mizigo. Chuma kikikatika, fundi mwenye mtambo wa kuchomelea atakirudisha.

Ubaya wake ni gia moja, na hiyo moja imekatwa kwa ajili ya tambarare. Dawa ipo, nayo ni ya bei ndogo: badilisha friwili. Kama gia ya mbele ina meno 44 na ya nyuma 18, kila mzunguko wa pedali unakusogeza karibu mita 5.4. Weka friwili ya meno 22 nyuma, mzunguko huo utakusogeza mita 4.4. Mita moja inaonekana ni kidogo mpaka uikute kwenye mwinuko. Utaenda polepole zaidi kwenye tambarare, ni kweli, ila huku tambarare ziko ngapi? Mwambie fundi aongeze pingili za cheni, maana ile ya zamani haitafika. Ni vizuri kukumbuka kwamba hata mbio kubwa za Ufaransa zilikataza vifaa vya kubadilishia gia mpaka mwaka 1937, wapanda milima wakihangaika na meno machache tu. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, mzee aliyejulikana kwa jina la Velocio, alikuwa amepigania gia kwa ajili ya watembezi tangu kabla ya hapo, na ndiye pia aliyewasisitizia wasafiri wale kabla njaa haijawakamata na wanywe kabla ya kiu. Alifariki mwaka 1930, amegongwa na tramu mjini. Milima haikumfanya lolote.

Breki ndizo zitakazokuua kama utakufa kwa baiskeli. Breki za vyuma za Phoenix hubana ringi kwa raba, na ringi ya chuma ikilowa raba inateleza juu yake kama sabuni. Kabla ya safari nunua raba mpya nne, hata kama za sasa zinaonekana nzima, na ukaze nati zote za fimbo za breki. Ukianza kushuka kilima, bana mapema na uachie, bana na uachie; usingoje mwendo ukukolee. Mvua ikinyesha, shuka ukiwa kwa miguu. Wapo vijana wanaozuia gurudumu la nyuma kwa kandambili. Wanajua wanachofanya kwa sababu wamefanya tangu utotoni, na kandambili zao zinashuhudia.

Vifaa vya kubeba: pampu, viraka na solusheni, tyubu moja nzima, spoku kadhaa zilizofungwa kwenye fremu, spana inayolingana na nati za magurudumu, kipande cha tairi la zamani cha kuweka ndani tairi likipasuka, na mipira ya tyubu mbovu iliyokatwa kamba. Mipira hiyo inafunga kila kitu, kuanzia mzigo hadi keria iliyovunjika. Kama unajua kubadilisha tyubu na kukaza spoku, umemaliza shule. Kama hujui, kaa kwa fundi asubuhi nzima umlipe akufundishe, ni bora kuliko kununua spana ya kumi.

Mzigo uweke chini na nyuma, kwenye pande mbili za keria, uzito sawasawa. Ukiubeba mgongoni, jasho na mtikisiko vitakumaliza kabla ya kilima cha tatu. Maji lita 3 kwa mtu, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Chakula kisiwe bugali baridi wa kukulaza. Karanga za kukaanga, ndizi, mayai ya kuchemsha na muhogo vinatosha, na njiani utapata mua. Chandarua ni lazima kama utalala nje ya nyumba yako, hilo sihitaji kulieleza kwa mtu wa Ituri.

Saa. Marabo ipo karibu na ikweta, kwa hiyo jua linatoka saa kumi na mbili asubuhi na kuzama saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, ikipungua au kuzidi dakika chache, na giza halikopeshi muda. Ondoka kunapopambazuka, ukiwa umeshakula. Kwenye vijia vya vilima usijihesabie zaidi ya kilomita 7 au 8 kwa saa, pamoja na kusalimiana. Kusalimiana ni mwendo. Asiyesimama kusalimia atapita haraka leo na atakosa wa kumwonyesha njia kesho. Saa tisa alasiri uwe umeshaijua nyumba utakayolala.

Na kuna hesabu moja inayowadanganya wengi. Bunia iko juu, kiasi cha mita 1,275 kutoka usawa wa bahari, na nchi inashuka kadiri unavyoelekea Komanda. Asubuhi, ukiwa na nguvu, baiskeli inakwenda yenyewe na unajisifu. Kurudi ndiko kunakopanda, na miguu imeshachoka. Kwa hiyo usigeuze ukiwa umetumia nusu ya nguvu; geuza ukiwa umetumia theluthi. Anayetaka kupima miguu yake kabla, aanze Marabo kwenda Nyakunde na kurudi. Njia hiyo ni fupi, magari yake ni machache kuliko ya barabara kuu, na ukishindwa kuna mtu wa kukupa kiti.

Majira nayo. Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu zaidi. Vumbi lipo ila gurudumu linazunguka. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Agosti hadi Novemba zinageuza udongo mwekundu kuwa gundi. Tope linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kabisa, na hapo unambeba yule aliyepaswa kukubeba. Anayesafiri majira hayo aondoe madigadi, achafuke, na awe na kijiti cha kuparulia tope. Mvua ya mchana ikianza kunguruma, ingia kwa watu upesi, usijifiche chini ya mti mrefu ulio peke yake kilimani. Kijito kikijaa, ngoja. Vijito vya vilima hujaa ghafla na kupungua vilevile, na saa mbili za kungoja na kula karanga hazijamzamisha mtu.

Madaraja ya magogo yanataka heshima. Ufa kati ya gogo na gogo una upana wa tairi lako, kana kwamba ulipimwa. Shuka, tembea juu ya gogo moja, baiskeli ipite juu ya gogo la pili. Pale utakapokuta njia imefyekwa vizuri na mifereji imechimbwa, ujue watu wametoka salongo, kazi ya pamoja ya kijiji. Na ukikuta watoto wamejaza shimo kwa udongo na kuweka kamba, wape kitu kidogo; wamefanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyeifanya.

Kupishana kuna sheria zake ambazo hazikuandikwa. Anayeshuka na mzigo mzito ana haki ya njia, kwa sababu hawezi kusimama. Ukiona kumba-kumba anashuka amejikita kisigino ardhini, toka njiani wewe na baiskeli yako yote, mpishe, kisha umpe pole. Ukikuta ng'ombe, usipige kengele. Simama upande wa juu wa njia, mchungaji atawapitisha. Pikipiki, ambazo siku hizi zinafika hata kwenye vijia vya mbuzi, utazisikia mbali. Sogea ukingoni mwa njia na usubiri vumbi litue kabla ya kuendelea, maana mara nyingi ya pili inaifuata ya kwanza.

Dada zetu wakitaka kwenda, waende, na waende wakiwa wawili au zaidi kama ninavyowashauri wanaume. Wachukue fremu isiyo na mtaimbo wa juu, wafunge kitenge kisifike kwenye cheni. Maneno ya wazee barazani yatakuwepo, nayo yatapoa wakiona mama mmoja amerudi sokoni saa tatu kabla ya wenzake.

Kuna mwaka ambao majibu ya akina mama wa soko yatakuwa mabaya mwezi baada ya mwezi. Mwaka huo usilazimishe. Nenda ukajifunze vilima mahali pengine, kama una pasipoti na nauli. Rwanda ina njia ya Congo-Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi kando ya Ziwa Kivu, vilima vitupu, imealamishwa kwa ajili ya watembea kwa miguu na baiskeli. Kenya, mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha inaruhusu baiskeli kati ya pundamilia, na msitu wa Karura ndani ya Nairobi, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990 usigawiwe wajenzi, leo una njia za baiskeli chini ya miti. Tanzania kuna Lushoto, ukipanda kutoka Mombo, na hapo friwili ya meno 22 itakuombea dua.

Kwa mtu wa Ituri, hata hivyo, la karibu zaidi ni Uganda: kushuka Kasenyi, kuvuka Ziwa Albert hadi Ntoroko, kisha kupanda Fort Portal, kwenye maziwa ya volkeno na msitu wa Kibale. Ziwa liko mita 619 hivi, kwa hiyo kutoka Bunia unashuka zaidi ya mita 600, nyingi kati ya hizo kwenye genge moja. Huko ndiko raba mpya za breki zinakolipa gharama yake. Ulizia usalama wa njia ya Bogoro kama unavyoulizia ya Marabo. Kwenye mtumbwi dai koti la kuokolea hata kama mwenye mtumbwi atacheka, na funga baiskeli kwa kamba yake yenyewe, si pamoja na magunia ya watu. Chukua hati ya kuingilia kabla ya kupanda baiskeli, usiseme utaifuata kesho. Halafu, ukianza kukanyaga pedali upande wa pili, shika kushoto. Kongo tunapita kulia, Uganda wanapita kushoto, na kijia kitupu kitakufanya usahau mpaka basi la kwanza litokeze konani.